Muuza vitambaa wa Delft aliyeifungulia dunia mlango wa seli

MNAMO 1674, mfanyabiashara wa vitambaa katika mji wa Delft nchini Uholanzi alijidunga mkononi, akaitia damu yake ndani ya kijibomba chembamba cha kioo, kisha akaitazama kupitia lenzi aliyoitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Damu, ambayo tangu jadi wanadamu waliidhania kuwa kiowevu chekundu na basi, ilimdhihirikia kuwa maji maangavu yaliyobeba vijiduara vyekundu visivyo na idadi.

Mtu huyo aliitwa Antonie van Leeuwenhoek. Hakusomea chuo kikuu chochote, hakujua Kilatini kilichokuwa lugha ya wasomi wa zama zake, na riziki yake ilitokana na duka pamoja na kazi alizopewa na baraza la mji. Lakini kabla ya kufariki akiwa na umri wa miaka 90, alikuwa ameeleza kwa maandishi kuhusu chembechembe nyekundu za damu, mbegu za uzazi za kiume, bakteria na viumbe wengine ambao mwili wao wote ni seli moja tu. Wanafunzi wa leo wanaofundishwa kwamba kila kilicho hai kimejengwa kwa seli, na kwamba kila seli imezingirwa na utando, wanapita katika njia ambayo yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuifyeka.

Leeuwenhoek alizaliwa mjini Delft mnamo Oktoba 24, 1632. Baba yake, Philips, alikuwa msusi wa vikapu na mama yake, Margaretha, alitoka katika jamaa ya watengenezaji bia. Siku chache baada ya kuzaliwa kwake, katika mji huo huo, alibatizwa mtoto mwingine ambaye jina lake lingevuma kote ulimwenguni, mchoraji Johannes Vermeer.

Antonie alionja uyatima mapema. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka mitano tu, na mama yake alipoolewa tena na mchoraji mmoja, kijana alipelekwa shule katika mji mwingine kabla ya kwenda kuishi kwa mjomba wake aliyekuwa mwanasheria. Alipofikia umri wa miaka 16, alitumwa Amsterdam kujifunza biashara katika duka la vitambaa vya kitani. Huko alijifunza kuweka hesabu, kupima na kuzitambua bidhaa nzuri na mbaya.

Mwaka 1654 alirejea Delft, akamwoa Barbara de Mey, akanunua nyumba na kufungua duka lake mwenyewe. Wauza vitambaa wa enzi hizo walikuwa na desturi ya kutumia kioo cha kukuza ili kuzihesabu nyuzi na kubaini iwapo kitambaa kimefumwa sawasawa. Kwa hiyo, lenzi ilikuwa chombo cha kazi mikononi mwake miaka mingi kabla haijawa chombo cha elimu.

Maisha ya nyumbani hayakumwendea kwa wepesi. Kati ya watoto watano aliojaliwa na Barbara, wanne walifariki wangali wachanga na akabakia binti mmoja, Maria. Barbara naye alifariki mwaka 1666. Leeuwenhoek alioa tena mwaka 1671, na mkewe wa pili, Cornelia Swalmius, aliaga dunia mwaka 1694. Maria hakuolewa. Alikaa na babake na kumtunza hadi mwisho wa uhai wake.

Mji wa Delft ulimwamini mfanyabiashara huyu. Mwaka 1660 aliteuliwa kuwa msimamizi wa ukumbi wa baraza, kazi iliyohusu kuufungua na kuufunga ukumbi, kuhakikisha umesafishwa na kuwasha moto wakati wa baridi. Mwaka 1669 alihitimu kuwa mpimaji wa ardhi, na mwaka 1679 akakabidhiwa jukumu la kupima mapipa ya mvinyo yaliyoingia mjini. Vermeer alipofariki akiacha madeni, ni Leeuwenhoek aliyeteuliwa mwaka 1676 kusimamia mali ya marehemu. Mapato ya kazi hizo yalimpa kile ambacho wengi hukikosa: muda wa kukaa peke yake na kutazama.

Ili kuelewa uzito wa alichokifanya, yafaa kwanza kumtaja Mwingereza Robert Hooke. Mnamo 1665, Hooke alichapisha jijini London kitabu chenye michoro ya vitu alivyovitazama kwa hadubini. Miongoni mwake ulikuwamo mchoro wa kipande chembamba cha gome linalotengenezewa vizibo vya chupa. Hooke aliona kwamba gome hilo lilikuwa na vijumba vidogo vidogo vilivyopangwa sambamba mithili ya masega ya nyuki, naye akavipa jina la seli, neno lenye maana ya chumba kidogo.

Hata hivyo, vyumba hivyo vilikuwa vitupu. Gome lilikuwa limekauka, na alichokiona Hooke kilikuwa kuta za seli za mmea zilizobakia baada ya wenyeji kuhama. Ukuta wa aina hiyo ni mgumu na mnene, nao hupatikana kwenye mimea bali si kwenye miili ya wanyama na binadamu. Seli iliyo hai, yenye majimaji na mwendo ndani yake, ilikuwa bado haijaelezwa, sembuse utando laini unaoizingira.

Katika kitabu hicho hicho Hooke alieleza pia namna rahisi ya kutengeneza lenzi yenye nguvu: kuyeyusha uzi mwembamba wa kioo kwenye mwali wa moto hadi ncha yake ijikunje na kuwa tone dogo la mviringo. Hooke mwenyewe alipendelea hadubini kubwa za lenzi mbili kwa kuwa vilenzi hivyo vidogo viliyachosha macho. Leeuwenhoek, ambaye alizuru Uingereza yapata mwaka 1668, alishika njia ya lenzi moja na hakuiacha kamwe.

Hadubini yake haikufanana na zinazoonekana leo katika maabara za shule. Ilikuwa jozi ya vibamba vidogo vya shaba nyeupe kwa nyekundu au vya fedha, vilivyobana katikati yake kilenzi kidogo kuliko punje ya mtama. Upande mmoja palikuwa na msumari mdogo wa kushikilia kitu kinachotazamwa, pamoja na skrubu za kukisogeza. Chombo chote kilienea kiganjani, na mtazamaji alilazimika kukisogeza karibu kabisa na jicho huku akielekea kwenye mwanga. Iliyo na nguvu zaidi kati ya zile ambazo zimehifadhiwa, na ambayo iko Utrecht, hukuza vitu takriban mara 266.

Jina lake lilitoka nje ya Delft kupitia kwa daktari mmoja wa mji huo, Reinier de Graaf. Mnamo Aprili 1673, daktari huyo alimwandikia Henry Oldenburg, katibu wa Jumuiya ya Kifalme ya London, chama kilichowakusanya wanasayansi mashuhuri wa Uingereza, akimjulisha kwamba palikuwa na mtu Delft aliyetengeneza hadubini bora kuliko zote zilizojulikana. Aliambatisha maelezo ya Leeuwenhoek kuhusu ukungu, nyuki na chawa. Jumuiya ilivutiwa, ikataka zaidi.

Huo ukawa mwanzo wa uandishi wa barua uliodumu miaka 50. Leeuwenhoek aliipelekea Jumuiya barua zipatazo 190, zote kwa Kiholanzi cha mtu wa kawaida, nazo zikatafsiriwa na nyingi kuchapishwa London. Hakuwahi kuandika kitabu kwa mpango wa wasomi. Aliandika alichokiona siku ile, akachanganya habari za meno yake, jirani zake na maji ya mtaro, kisha akaeleza alivyopima na alichodhani. Alikuwa mwangalifu kutenganisha mambo mawili, yaani alichokiona kwa macho na alichokisia kwa akili.

Ni katika damu ndipo hulka hiyo ilipozaa matunda makubwa. Mholanzi mwenzake, Jan Swammerdam, alikuwa ameziona chembechembe nyekundu za damu ya chura mnamo 1658, lakini maandishi yake yalikaa bila kuchapishwa hadi baada ya kifo chake. Maelezo ya Leeuwenhoek ya 1674 ndiyo yaliyowafikia wasomi kwanza. Kwa kuwa hakukuwa na kipimo cha vitu vidogo kiasi hicho, alizilinganisha na punje ya mchanga. Leo inafahamika kwamba upana wa chembe nyekundu ya binadamu ni kati ya sehemu saba na nane za elfu moja ya milimita.

Mwaka uliofuata, aliandika jambo ambalo huenda ndilo la ajabu kuliko yote. Alieleza kwamba katika mwili wenye afya chembechembe hizo hazina budi kuwa laini na zenye kupindika. Mishipa midogo zaidi ya damu ni myembamba mno, na ili zipite, ni lazima zijinyooshe na kuwa na umbo la yai, kisha ziurejelee mviringo wake zikifika mahali palipo na nafasi. Aliongeza kwamba alipokuwa mgonjwa, chembechembe za damu yake zilionekana ngumu, na kadiri alivyopata nafuu ndivyo zilivyozidi kulainika.

Kitu kinachoweza kubanwa, kunyooka na kurudia umbo lake bila kupasuka wala kumwaga kilicho ndani, lazima kiwe na kifuniko cha namna yake. Leeuwenhoek hakukiona kifuniko hicho na hangeweza kukiona. Unene wa utando wa seli ni kati ya sehemu saba na nane hivi za milioni moja ya milimita. Tando zaidi ya 10,000 zingepangwa moja juu ya nyingine ndipo zifikie unene wa karatasi ya daftari. Alichokiona ni kazi ya utando huo, karne mbili na nusu kabla ya mtu yeyote kueleza ulivyoundwa.

Katika msimu wa joto wa 1674 alichota maji ya ziwa lililokuwa karibu na Delft. Maji hayo yaligeuka rangi na kuwa mazito kila mwaka, na wenyeji walidai kwamba chanzo chake kilikuwa umande. Ndani yake aliona nyuzi za kijani zilizojisokota, na katikati ya nyuzi hizo vijidudu vilivyoogelea huku na huko, vingine vidogo mara nyingi kuliko mnyama yeyote aliyewahi kuonwa na jicho la mtu. Hapo ndipo mwanadamu alipokutana na kiumbe kizima kinachokula, kusonga na kuzaana kikiwa seli moja pekee.

Barua iliyozua mashaka makubwa ni ile ya Oktoba 9, 1676. Leeuwenhoek alitaka kujua kwa nini pilipili manga huwasha ulimi, kwani alidhani punje zake zina vimiba visivyoonekana. Alizilowesha katika maji kwa muda wa wiki kadhaa. Hakuviona vimiba, lakini katika maji hayo aliona umati wa viumbe hai, baadhi yake wadogo kiasi kwamba inaaminika leo kuwa walikuwa bakteria.

Wanachama wa Jumuiya hawakujua la kufanya na habari hizo. Kwamba tone moja la maji lilikuwa na wakazi wengi kuliko mji lilikuwa dai zito, na mwenye kulitoa alikuwa mwuza duka asiye na shahada wala Kilatini. Mtaalamu wa mimea Nehemiah Grew alipewa kazi ya kuthibitisha dai hilo, asifaulu. Sifa ya Leeuwenhoek ilikuwa hatarini. Endapo lingekosa kuthibitishwa, angehesabiwa miongoni mwa waongo au watu waliodanganywa na vioo vyao, na barua zake zote za awali zingetupwa pamoja na hiyo.

Alijitetea kama afanyavyo mfanyabiashara mwaminifu anayeshukiwa kuhusu mizani yake: alileta mashahidi. Aliwaalika watu wanane wa kuheshimika, wakiwamo wachungaji wa kanisa na mthibitishaji wa hati, wakatazama wenyewe na kutia saini waliyoyaona. Mjini London, Jumuiya ilimgeukia Hooke. Baada ya majaribio kadhaa, mnamo Novemba 15, 1677, Hooke aliwaonyesha wanachama vijidudu hivyo vikiogelea katika maji ya pilipili. Mtu aliyezipa seli jina lake alikuwa amesimama kuwa shahidi wa mtu aliyeziona zikiwa hai.

Mwaka huo huo, Leeuwenhoek aliziona mbegu za kiume, baada ya mwanafunzi wa udaktari, Johan Ham, kumletea habari zake. Aliandika kuhusu jambo hilo kwa haya nyingi, akisisitiza kwamba alichokichunguza kilitokana na ndoa yake halali, na akaiachia Jumuiya uamuzi wa kuchapisha au kutochapisha. Mwaka 1680 alichaguliwa kuwa mwanachama kamili wa Jumuiya hiyo. Hakwenda London hata mara moja kukaa katika kiti chake.

Mnamo 1683 aliukwangua utando mweupe uliokwama katikati ya meno yake, akauchanganya na maji safi ya mvua na kuona bakteria wakizunguka kwa kasi. Alichunguza pia kinywa cha mzee mmoja ambaye hakuwahi kusafisha meno maishani, akawakuta wengi zaidi. Hakuwahusisha na maradhi. Kazi hiyo ilisubiri hadi karne ya 19, enzi za Louis Pasteur na Robert Koch.

Mwaka 1688, akitazama mikia ya viluwiluwi vya chura na mapezi ya samaki, alieleza jinsi damu inavyotoka katika mishipa ya kuipeleka na kuingia katika mishipa ya kuirejesha kupitia vijishipa vyembamba, chembe moja moja zikipita kwa foleni. Mtaliano Marcello Malpighi alikuwa ameviona vijishipa hivyo mnamo 1661 katika mapafu ya chura, lakini maelezo ya Leeuwenhoek yaliongeza mwendo wenyewe wa damu. Peter Mkuu, mtawala wa Urusi, alipopita Delft kwa mashua mwaka 1698, alimwita mzee huyo ili ajionee maajabu hayo katika mkia wa samaki aina ya mkunga.

Katika damu ya samaki aina ya samoni alibaini tofauti nyingine. Chembechembe zake zilikuwa na umbo la yai, na katikati ya kila moja palikuwa na sehemu ya pekee iliyojitenga na nyingine. Hicho kilikuwa kiini cha seli. Michoro yake inahesabiwa kuwa miongoni mwa ya kwanza kabisa ya kiini, zaidi ya karne moja kabla ya Robert Brown wa Scotland kukipa jina mnamo 1831. Chembe nyekundu ya binadamu iliyokomaa, kinyume na ya samaki, haina kiini.

Pamoja na uaminifu huo wa maelezo, Leeuwenhoek alikuwa mchoyo wa jambo moja. Wageni waliofika nyumbani kwake walionyeshwa hadubini nzuri, lakini zile bora kabisa alizificha, na namna ya kutengeneza lenzi zake kali hakuifichua kwa yeyote. Mwanafalsafa Mjerumani Gottfried Leibniz alimshauri afungue shule ya kuwafunza vijana. Alikataa, akishikilia kwamba wengi wa wanafunzi hutafuta fedha au sifa, na kwamba ni wachache mno walio na subira ya kazi hiyo.

Uamuzi huo uliigharimu elimu. Alipoondoka, hakuacha mwanafunzi wa kuiendeleza kazi yake. Kwa zaidi ya miaka 100, hadi hadubini za lenzi nyingi zilipoboreshwa katika karne ya 19, ni watu wachache walioweza kuona vyema alichokiona yeye. Bakteria wakawa kama hadithi iliyosimuliwa na mzee mmoja wa Delft.

Hata ugonjwa wake wa mwisho aliufanya kuwa somo. Alishikwa na mipigo ya ghafla iliyoutikisa mwili katikati ya kifua na tumbo. Madaktari walishuku moyo, lakini yeye alihesabu mipigo hiyo, akaona haiendi pamoja na mapigo ya moyo, na akakata kauli kwamba kasoro ilikuwa katika kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Maradhi hayo adimu yanaitwa kwa jina lake hadi leo. Akiwa kitandani alimwomba rafiki yake atafsiri barua mbili kwa Kilatini na kuzituma London. Alifariki mnamo Agosti 26, 1723, na kuzikwa katika Kanisa la Kale la Delft.

Maria alitimiza wasia wa babake kwa kuipelekea Jumuiya ya Kifalme kabati lenye hadubini 26 za fedha. Hadubini hizo zilipotea katika karne ya 19 na hazijapatikana. Nyingine zilipigwa mnada mwaka 1747, baada ya Maria mwenyewe kufariki. Zilizobakia ulimwenguni leo ni chache tu.

Siri ya lenzi ilifichuka mwaka 2021. Watafiti wa Uholanzi waliipiga miale ya nyutroni hadubini ya Utrecht ili waone ndani yake bila kuifungua. Waligundua kwamba lenzi yake ni tone la kioo lenye kijikia kilichobakia, dalili kwamba ilitengenezwa kwa moto kwa njia inayofanana na ile aliyoichapisha Hooke. Jambo alilolificha maisha yake yote lilikuwa karibu sana na lile lililokwisha kuandikwa kitabuni na kusomwa na kila aliyetaka.

Mbegu alizozipanda zilichipuka polepole. Mwaka 1838 Mjerumani Matthias Schleiden alitangaza kwamba mimea yote imejengwa kwa seli, na mwaka 1839 mwenzake Theodor Schwann akasema vivyo hivyo kuhusu wanyama. Mwishoni mwa karne hiyo, Charles Ernest Overton alitambua kwamba vitu vinavyoyeyuka katika mafuta huingia ndani ya seli kwa urahisi kuliko vinavyoyeyuka katika maji pekee. Alihitimisha kwamba kinachoizingira seli lazima kiwe na asili ya mafuta.

Hatua iliyofuata ilichukuliwa Leiden, kilomita zipatazo 20 kutoka Delft, na kwa kutumia chembe zile zile za damu. Mnamo 1925, daktari wa watoto Evert Gorter na mwenzake F. Grendel walitoa mafuta yote yaliyomo katika chembechembe nyekundu na kuyatandaza juu ya maji hadi yakawa tabaka moja jembamba. Walizichagua kwa sababu hazina kiini wala tando nyingine za ndani, hivyo mafuta yake yote yanatoka katika utando wa nje. Eneo la tabaka hilo lilikuwa takriban maradufu ya eneo la nje la chembe zenyewe. Utando, basi, ulikuwa na tabaka mbili. Baadaye ilibainika kwamba walikuwa wamefanya makosa mawili ya vipimo yaliyofutana, lakini jibu lao lilikuwa sahihi.

Leo inafahamika kwamba utando wa kila seli ni tabaka mbili za molekuli za mafuta. Kila molekuli ina kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia. Vichwa vya tabaka moja huelekea nje na vya nyingine huelekea ndani, huku mikia ikikutana katikati. Humo zimepachikwa protini zinazofanya kazi ya milango, pampu na alama za utambulisho, zikichagua kinachoingia na kinachotoka. Mnamo 1972, Wamarekani Jonathan Singer na Garth Nicolson walieleza kwamba utando huo si kitu kilichoganda, bali protini na mafuta yake huteleza na kubadilishana nafasi. Ulaini alioushuhudia Leeuwenhoek katika damu yake ulipata maelezo.

Ulaini huo ni suala la kufa na kupona. Katika ugonjwa wa selimundu, chembe nyekundu hukakamaa, zikashindwa kupita katika mishipa midogo na kuiziba. Nayo malaria huanza kumdhuru mtu pale vimelea vinapoupenya utando wa chembe nyekundu na kuzaana ndani yake.

Mnamo 2020, utafiti uliowahusisha wanasayansi wa mpango wa KEMRI-Wellcome Trust mjini Kilifi ulichapishwa kuhusu aina ya damu iitwayo Dantu, inayopatikana miongoni mwa wakazi wa Pwani ya Kenya. Kwa kuchunguza damu ya watoto wa Kilifi, ilibainika kwamba utando wa chembe za Dantu umekazika kuliko kawaida kiasi kwamba vimelea vingi hushindwa kuupenya. Waliorithi aina hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili wana kinga ya asilimia 74 dhidi ya malaria kali.

Leeuwenhoek alidhani chembe laini ndiyo yenye afya, na kwa sehemu kubwa alikuwa sahihi. Kilifi imeongeza kwamba mahali palipo na malaria, utando uliokazika kidogo huweza kuwa ngao. Swali ni lile lile alilojiuliza akiwa mgonjwa nyumbani kwake Delft, chembe ya damu ikiwa mbele ya jicho lake: ni laini au ni ngumu, na hilo lina maana gani kwa mwenye damu hiyo?